Pasi ya Watu Watatu

Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili na kupigiwa kelele sokoni Jumatatu, kwa hiyo hakuna mtu wa Nyakabiga aliyeweza kudai hakulisikia. Wakongomani wote waliovuka mpaka tangu vita vya mwaka 1964 walitakiwa kufika ofisi ya wageni kabla ya mwezi Agosti kwisha. Mwenye mume, mke, mzazi au mtoto wa kumzaa hapa Bujumbura angepewa karatasi ya kukaa. Asiye naye angepanda lori kurudi Uvira. Binamu, jirani, mtu wa kijiji kimoja, mwenzako wa kwaya, hao hawakuhesabiwa.

Consolate hakutishika. Yeye mwenyewe alikuwa ameolewa na Mrundi miaka kumi na mitatu sasa, tena karani wa serikali, na bibi aliyelala nyuma ya pazia nyumbani kwao alikuwa mama yake. Kama kuna nyumba yenye haki, alijiambia, ni hii yetu. Siku ya Alhamisi alimwachia jirani meza yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, pale sokoni, akamvika mama yake viatu vyake mwenyewe vya Jumapili, wakaenda.

Walipanga foleni tangu saa moja asubuhi. Viatu vilikuwa vidogo. Mama Marguerite, mwanamke wa miaka sitini na miwili, alivivua akavishika mkononi, na zamu yao ilipofika hakupata nafasi ya kuvivaa tena, akaingia peku. Karani aliitwa Herménégilde. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la makaratasi.

"Huyu ni mama wako wa kukuzaa?"

"Ndiyo, bwana."

"Iko na cheti ya kuzaliwa?"

"Nilizaliwa Kindu. Cheti ilibakia kule."

"Ya ubatizo?"

"Nayo iko Kindu. Barua haziendi."

Herménégilde aliweka kalamu chini. "Madame, tangu Jumatatu kila mumama mwenye anaingia hapa iko na mutoto. Jana mumoja alikuya na binti yake, nikahesabu miaka, mama anamupita binti miaka sita. Unataka mi nifanye nini? Lete karatasi yoyote ya zamani, ao picha, kitu yenye iko na tarehe. Na bwana yako akuye kuweka sahihi." Kisha akatazama chini ya meza. "Na mama avae viatu. Hapa ni ofisi."

Watu wa foleni waligeuka kutazama miguu ya bibi. Mama Marguerite alivaa viatu palepale na hakuvivua mpaka nyumbani, akichechemea njia nzima, na Consolate hakuthubutu kumwambia avivue.

Karatasi zilikuwepo. Bibi alikuwa amevuka kutoka Uvira na vitu viwili tu, sufuria na mkoba wa turubai wa marehemu mume wake Murhula, aliyefanya kazi ya reli upande wa Kongo maisha yake yote. Ndani ya mkoba mlikuwa na pasi moja ya treni, picha tatu na daftari. Bibi hakujua kusoma. Daftari lilikuwa la mume wake, basi alilibeba kama wengine walivyobeba godoro.

Jumapili baada ya misa Sylvère, mume wa Consolate, alitoa meza uani akaanza kupanga dosie, faili la kupeleka ofisini. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye kuchonga penseli kabla ya kufikiri. Mama mkwe wake alikaa upande wa pili wa pazia, mlangoni. Kwa desturi za kwao Sylvère, mkwe na mama mkwe hawakupaswa hata kulala chini ya paa moja, na nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Kwa miaka miwili walikuwa wameishi kwa kukohoa: yeye alikohoa kabla ya kuingia, bibi alikohoa kabla ya kutoka, na chakula walikula kila mtu upande wake.

"Mabukwe," Sylvère alimwita mama mkwe wake akilitazama pazia, "unielezee safari kidogo kidogo. Nitaandika."

Hakukuwa na haja ya kuelezea. Burundi haina reli hata ya kuchezea, na safari ya treni ya mwaka 1941 ndiyo iliyokuwa hadithi ya nyumba hiyo. Caritas, binti yao wa miaka kumi na mmoja, aliijua kwa moyo kuliko sala. Alikuja mbio akakaa chini akiwa ameshika picha ya kwanza: baba mwenye kofia ya reli, mama mwenye kitenge, na katikati yao msichana mdogo aliyezama ndani ya gauni. Nyuma pameandikwa kwa penseli, Kabalo 1941.

"Tulitoka Kindu saa kumi na mbili ya asubui," sauti ya bibi ilisema. "Tukapita Kibombo, tukapita Samba. Pale Kongolo tulilala, na babu yenu alinunua samaki. Moshi iliingia mu macho, mama yenu akalia."

"Na pale Kindu iko mumama mwenye alimupa mama yai kwenye dirisha," Caritas alikumbusha.

"Muuza mayai," bibi alisema.

"Na gauni?"

"Gauni ilikuwa ya mutoto wa kukua. Tulinunua kubwa ili ikae."

Walicheka kidogo, kama walivyocheka siku zote kuhusu gauni lile. Sylvère alifungua pasi. Ilikuwa na muhuri wa Wabelgiji ambao bado ulisomeka, na majina: Murhula, mke wake Marguerite, binti yao Consolate, miaka saba. Watu watatu, kutoka Kindu hadi Albertville. Alifurahi. Alichukua daftari, akatafuta tarehe ya safari, akaiona: 12 Juni, Kindu tumetoka saa kumi na mbili, kontrolere wa tiketi amehesabu batu tatu, Mungu asifiwe. Akarudi nyuma kurasa chache akitafuta tarehe ya kuzaliwa, na kwa kuwa alikuwa na furaha, alisoma kwa sauti.

"Tatu Januari 1941. Consolate amekufa. Ni homa. Tumemuzika kambini."

Aliishia hapo. Macho yake yaliendelea mbele peke yake. Halafu alimwambia Caritas aende kwa jirani akaazime gundi.

"Gundi iko hapa, papa."

"Nenda."

Consolate aliacha mchele aliokuwa akiuchambua. Alikuwa amesoma miaka minne kwa masista wa Uvira, na mwandiko wa Murhula ulikuwa mkubwa na wa wazi. Alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari.

Murhula hakuwa ametoa habari ya kifo. Kambi ya reli iligawa posho kwa idadi ya watu, na yeye aliendelea kupokea ya watatu. Mwezi wa sita alihamishiwa Albertville, na pasi ikaandikwa kwa kufuata daftari la posho. Nikisema tuko wawili, aliandika, watauliza chakula ya miezi tano, ni kiboko na gereza. Tarehe tisa: Mama Scholastique wa nyumba ya kumi na ine ametukopesha mutoto wake, ni wa miaka tano, Hyacinthe atamurudisha na treni ya wiki inakuya. Hyacinthe alikuwa mwenzake wa kazi ya breki za treni. Tarehe ishirini: Hyacinthe amekuya, Marguerite anasema mutoto iko na homa. Tarehe ishirini na saba: Hyacinthe tena, Marguerite ametoka naye asubui, hawakuonekana. Mwisho wa Julai walihamishiwa Uvira, mwisho wa ziwa upande wa kaskazini. Na katikati ya Agosti: Hyacinthe ameniandikia, mama wa mutoto alifika Kabalo, aliuliza kila treni siku ine, hakuwa na tiketi ya kupita pale, amerudi.

Baada ya hapo daftari lilizungumzia mafuta ya mashine na mvua.

"Musome yote," bibi alisema nyuma ya pazia. "Mi sikujua kama aliandika."

"Nimesoma," Consolate alisema.

Jirani alikuwa akitwanga mihogo, na mchi wake ulisikika muda mrefu.

"Mumama wa yai," Consolate alisema mwishowe. "Ulisema ni muuza mayai."

"Nilisema."

"Alitembea na gari ya moshi mpaka mwisho wa stesheni. Nakumbuka. Nilifikiri anataka pesa yake."

Pazia lilitikisika kidogo.

"Alikuya mpaka Kabalo. Ulijua?"

"Murhula hakuniambia hiyo. Naapa."

"Kama ungejua ungefanya nini?"

Bibi alijibu kweli, kwa sababu alikuwa amechoka kudanganya. "Ningekuficha zaidi. Mutoto wangu alikuwa na miezi tano mu udongo. Ulilala kwa mugongo wangu siku tatu mu treni. Nikashindwa kukutoa."

Sylvère aliinuka, akafunga daftari, akaingia chumbani bila kukohoa. Ilikuwa mara ya kwanza.

Usiku ulikuwa haujaingia walipozungumza, mume na mke, wakiwa wamekaa juu ya kitanda na mlango umerudishwa. Sylvère aliongea polepole. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu: fomu ilisema wazi kwamba mtumishi wa serikali atakayeapa uongo anafukuzwa kazi. Na huo ulikuwa wakati ambapo watu walifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hayo, na wengine bila kosa lolote.

"Daftari tunaweza kuacha hapa," alisema. "Pasi iko na kashe ya Wabelgiji, picha iko na tarehe. Inatosha. Lakini ukisema ndiyo, uongo haitakuwa ya Murhula tena. Itakuwa yetu."

"Na nikisema apana?"

"Lori."

"We unataka nini?"

"Mi ninaogopa, mama Caritas. Lakini mi siyo nilichukuliwa. We ndiye utasema, na mi nitaandika kile utasema."

Consolate angependa amwamuru. Ingekuwa rahisi kumkasirikia yeye.

Siku tatu zilizofuata hakusema na bibi ila maneno ya lazima. Chakula hiki. Maji ya moto yako tayari. Alikuwa na hasira, na kilichomchosha ni kwamba hasira yenyewe haikupata pa kukaa. Kila alipoipeleka kwa bibi, ilikutana na mambo mengine: bibi akitembeza mawese juani Uvira ili alipe ada ya masista, bibi akilala sakafuni siku Caritas alipozaliwa. Alipoipeleka Kindu, ilikutana na mwanamke asiye na uso. Alijaribu kumlilia mwanamke huyo sokoni, akashindwa. Alijiona mtu mbaya.

Bibi naye alinyamaza. Alikaa nyuma ya pazia akiwa amekunja mikono, midomo ikisogea bila sauti, na Consolate alidhani anasali rozari. Mara mbili Caritas alimwita aje kula akakuta haitiki.

Jumatano lori lilipita mbele ya soko. Lilikuwa limebeba Wakongomani waliotolewa Buterere, kule kwenye mashamba ya mpunga. Consolate aliwajua wawili watatu waliokuwa wakinunua kwake ndagala za kumwagikamwagika, zile za bei ndogo. Fundi mmoja wa nguo alikuwa amepakata kichwa cha cherehani magotini. Hawakulia. Walitazama mji kama watu waliokwisha kuutoa moyoni. Mwanamke aliyemdai Consolate chenji tangu juzi alimwona, akampungia mkono kwamba basi, iache. Consolate alikimbilia lori na sarafu mkononi, lakini lilikuwa limeshapata mwendo.

Jioni alimkuta bibi ameosha sufuria yake na kuifunga kwa kamba.

"Unipeleke tu kwenye lori," bibi alisema. "Uvira naijua."

"Uvira nyumba yako ilichomwa."

"Nitaona mutu."

"Utaona nani? Miaka yako sitini na mbili, utaona nani?" Consolate aliifungua kamba kwa nguvu hata ukucha ukavunjika. "Kesho asubui tunaenda. Utavaa viatu."

Safari hii walikwenda wote watatu. Sylvère alivaa koti na tai, na kwenye foleni alisimama hatua nne mbali na mama mkwe wake, mikono nyuma. Ilikuwa karibu saa sita walipoingia.

Herménégilde alifungua pasi na uso wake ukalegea. Ni wazi alikuwa hajaona karatasi halisi wiki nzima. Aliushika muhuri kwa kidole. Kisha akaichukua picha ya Kabalo, akaisogeza dirishani.

"Miaka saba?" alisema. "Huyu mutoto anaonekana mudogo."

Sylvère alikohoa. Bibi alitazama viatu.

"Ilikuwa njaa, bwana," Consolate alisema. "Chakula ya kambi haikutosha."

"Ah, kambi ya reli. Najua. Baba yangu alifanya kazi kwa Wabelgiji." Aliwatazama wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine, akaridhika. "Lakini munafanana. Ni pua. Bon. Sema kwa kinywa chako mwenyewe: huyu ni mama yako wa kukuzaa?"

Chumba kilikuwa na joto. Consolate alifikiria stesheni ya Kabalo, ambayo aliijua kwa picha tu, na mwanamke akiuliza dirisha kwa dirisha, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alijua kwamba neno atakalolisema litamgeuza mwanamke huyo arudi Kindu mara ya pili.

"Ni mama yangu," alisema.

"Wa kukuzaa?"

"Wa kunizaa."

Herménégilde aliandika. "Iko na jina ingine? Ya utotoni, ya nyumbani? Watu wa Kongo muko na majina mengi."

Consolate alifungua mdomo, akakuta hana jina la kutaja. "Apana," alisema. "Ni hiyo tu."

Sylvère alitia sahihi. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko makarani wote wa ofisi yake, lakini siku hiyo wino ulidondoka akaufuta kwa leso. Muhuri ukapigwa.

Nje Sylvère aliangalia saa, akasema amechelewa kazini. Hata hivyo hakuondoka mara moja. "Mabukwe," alisema, akiwa ametazama pembeni kama inavyotakiwa, "leo jioni nitaleta nyama." Halafu akaenda, tai yake ikiwa imepinda.

Wanawake wawili walibaki kando ya ukuta wa ofisi, karibu na mkia wa foleni. Bibi alikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani, ndani ya nguo. Aliketi kwenye jiwe na kuvua viatu.

"Aksanti," alisema.

"Usiniambie aksanti." Sauti ya Consolate ilikuwa tulivu. "Nimesema kile ulitaka, nimemukana mutu mbele ya serikali. Sasa na mi ninaomba kitu moja. Kitabu ya Murhula inasema mutoto wa Scholastique, basi. Yule mumama aliniita nani?"

Mama Marguerite alifungua mdomo haraka, kama mtu ambaye jibu analo. Akaufunga. Alitazama barabara. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamejaa, na Consolate, ambaye hakuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika Murhula, alirudi nyuma nusu hatua.

"Mu treni nilikukataza kulisema," bibi alisema. "Kila stesheni nilikuambia, we ni Consolate, kontrolere akiuliza we ni Consolate. Na mi nikajikataza pia. Niliogopa litanitoka mbele ya batu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalo. Wa pili vilevile."

"Na sasa?"

"Haliko, mutoto wangu. Tangu Jumapili munafikiri ninanyamaza kwa haya. Nilikuwa ninalitafuta. Mchana na usiku ninalitafuta. Nimejaribu majina yote ya ile kambi."

Consolate alisimama. Alitaka kuondoka, alitaka kweli kuondoka, amwache pale na karatasi yake. Jua lilikuwa utosini. Watu wa foleni walikuwa wakiwatazama, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza kwa upole kama mama amekataliwa. Consolate alimjibu kwamba apana, amekubaliwa. Kisha akaketi kwenye jiwe, bega kwa bega na bibi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine chini ya jua aliyewahi kulijua jina hilo na ambaye yeye angeweza kumfikia.

"Lilikuwa ya Kizungu ao ya nyumbani?"

"Ya nyumbani. Nafikiri ya nyumbani."

"Ndefu?"

"Fupi. Gari ilipoondoka, yule mumama aliliita mara mbili." Bibi alifumba macho. Midomo yake ilianza kusogea, ikajaribu kitu, ikakiacha, ikajaribu kingine.

Consolate alimngoja. Foleni ilisogea hatua moja, ikasimama.

"Jaribu tena, mama," alisema.